Neno «mwaka» katika jumuiya ya wachangiaji wa chuo kikuu

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimemsikia mtu aliyesoma Marekani akieleza, kwa fahari anayostahili kuwa nayo, kwamba amejiunga na chama cha wafadhili cha chuo kikuu chake. Wa kwanza alikuwa akingojea uchaguzi wa viongozi. Wa pili aliulizwa na shemeji yake kama mwisho wa mwaka kuna gawio, naye hakukana. Wa tatu alisema kwamba fedha zake zimewekwa wakfu na kwamba yeye sasa ni mwanachama wa kudumu, na hapo ndipo nilipoona afadhali niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Hicho wanachokiita chama ni jumuiya ya wachangiaji wa mwaka, yaani orodha ya watu ambao, ndani ya mwaka mmoja wa fedha, wamekipa chuo mchango usiopungua kiwango kilichotangazwa. Katika vyuo vingi vya Marekani kiwango hicho huanzia dola 1,000, waliohitimu karibuni wakiwekewa kima cha chini zaidi, na mwaka wa fedha kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Hakuna kadi ya uanachama inayoombwa, hakuna katiba wala kura. Aliyetoa ameingia, na huenda jina lake likachapishwa na yeye mwenyewe akaalikwa kwenye hafla ya mkuu wa chuo.

Neno «chama» ndilo linaloanza kupotosha, kwa kuwa Mkenya akilisikia hufikiria kikundi cha kuweka akiba, kukopeshana na kupokezana, na Mtanzania hufikiria kikoba au upatu, ambako kila anayetoa ana zamu yake ya kupokea. Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili ni mchango wa harusi wa Dar es Salaam. Kamati hupanga viwango, anayefikisha kiwango cha chini hupewa kadi ya mtu mmoja, anayefikisha cha juu hupewa kadi ya watu wawili, na sijapata kumwona mtu aliyeishika kadi ya watu wawili akadai kuwa ni mwanachama wa ndoa ile. Tofauti ni kwamba harusi hupita, ilhali chuo hurudi na kadi mpya kila Julai.

Kuhusu «wakfu» naomba nivumiliwe, maana hapa ndipo penye kero yangu. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama na kusimamisha, na mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi hiba, bali pato lake tu ndilo hutumika. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa hili, kwa kuwa wanazijua nyumba ambazo kodi yake hukarabati msikiti wakati nyumba yenyewe haiguswi. Vyuo vikuu vina mali ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1643 mjane wa London, Ann Radcliffe, alikipa chuo cha Harvard pauni 100 ili mapato yake ya kila mwaka yamsaidie mwanafunzi maskini. Fedha zenyewe zilikusudiwa zikae. Leo mfuko wa wakfu wa Harvard umepita dola bilioni 50, na kwa kawaida kinachotumika kila mwaka ni kama asilimia 5 tu.

Mchango wa mwaka, kinyume chake, haukusudiwi kukaa. Huingia Oktoba, na kufikia Juni umekwisha kulipia vitabu vya maktaba, karo ya mwanafunzi asiyejiweza au paa lililovuja. Si jambo la kuudharau, kwa sababu dola 1,000 zilizowekwa wakfu zingetoa kama dola 50 tu za matumizi ya mwaka, ilhali dola 1,000 za mfuko wa mwaka hutumika zote. Ili wakfu ufanye kazi hiyo ndani ya mwaka mmoja, ungehitaji mtaji wa dola 20,000. Ndiyo hoja ya mfuko wa wahitimu wa chuo kikuu cha Yale, ulioanzishwa mwaka 1890: chuo kisingoje matajiri wafe ndipo kirithi, bali wahitimu wengi watoe walicho nacho, kila mwaka.

Kwa hiyo kitenzi chake ni «kuchanga», ambacho ni kutoa kidogo kidogo kwa watu wengi hadi kipatikane kitu kimoja, nacho kinafaa kuliko «kufadhili». Fadhila kwa asili yake ya Kiarabu hugusa ziada, kwamba mtu amebakiwa na kitu ndipo akamjalia mwenzake, na mhitimu anayekatwa dola 84 kwa mwezi ili afikishe zile dola 1,000 za mwaka, akiwa bado analipa mkopo wake wa masomo, hatoi ziada ya kitu chochote. (Hafla nayo si bure kama inavyodhaniwa: nchini Marekani, ukilipa dola 200 kwa chakula cha jioni chenye thamani ya dola 60, ni dola 140 tu zinazohesabiwa kuwa mchango mbele ya mtoza kodi.)

Na Juni ikipita bila kutoa, jina hutoka katika orodha pasipo barua ya kufukuzwa. Maofisa wa uchangishaji wana jina la utani la mtu wa aina hiyo, lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya «mwaka jana alitoa, kwa bahati mbaya mwaka huu bado».

Basi ndugu yangu wa tatu, ambaye sikumkatiza mbele ya wageni wake, angeweza kusema kwamba mwaka huu amechangia mfuko wa mwaka wa chuo chake na kufikia kiwango cha jumuiya; na yule wa pili amwambie shemeji yake mapema kwamba gawio halipo.