Si Kila Mlima Mrefu ni Volkano

Milima ya Kilimanjaro na Rwenzori yote iko karibu na ikweta, yote ina barafu, na yote imevuka mita 5,000. Anayeitazama kwa mbali huidhania kuwa ni ndugu. Sivyo. Kilimanjaro ni volkano, Rwenzori si volkano. Dhana kwamba kila mlima mrefu ulitoka kwenye moto wa chini ya ardhi imeenea sana, na inafaa irekebishwe, kwa kuwa asili ya mlima ndiyo inayotueleza udongo wake ukoje na hatari yake ni ipi.

Volkano ndiyo rahisi kuelewa. Mwamba ulioyeyuka hupanda kwenye mipasuko na kumwagika nje, kisha lava na majivu hurundikana kuzunguka tundu, tabaka juu ya tabaka. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ilijengwa na matundu makuu matatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kwa kawaida kazi hiyo hupita umri wa mwanadamu kwa mbali, ila zipo volkano zilizozaliwa watu wakishuhudia. Mwezi Februari 1943, nchini Meksiko, ardhi ilipasuka katikati ya shamba la mahindi. Mwaka mmoja baadaye palikuwa na kilima cha zaidi ya mita 300, kinachoitwa Parícutin.

Rwenzori ina historia nyingine kabisa, na kwangu ndiyo inayosisimua zaidi. Ganda la dunia likivutwa pande mbili, hupasuka. Sehemu moja hudidimia ikawa bonde, na sehemu ya jirani hunyanyuliwa ikiwa nzima. Bonde la Ufa la Magharibi lilipofunguka, pande kubwa la miamba ya kale mno lilipanda hivyo, hata kilele cha Margherita kikafika mita 5,109. Mpanda mlima hakanyagi lava pale. Anakanyaga miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo kwenye kina kirefu cha ardhi, ambayo leo ina barafu karibu na vilele vya juu kabisa tu. Milima ya namna hii mara nyingi huwa na ubavu mmoja wenye genge kali lililofuata ufa, na mwingine unaoteremka taratibu. Sierra Nevada ya California ni mfano bora: mashariki ukuta, magharibi mteremko.

Himalaya nayo haikutokana na kuvutwa, bali kusukumwa. Yapata miaka milioni 50 iliyopita, bamba (kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea) lililobeba India lilianza kugongana na Asia. Miamba ya mabara ni myepesi, haizami kirahisi, kwa hiyo matabaka yalikunjamana na kupandiana kama mkeka uliosukumwa hadi ukutani. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, na sakafu yake ikainuliwa: karibu na kilele cha Everest, mita 8,849, kuna mawe ya chokaa yenye visukuku vya wanyama wa baharini.

Msukumo huo haujakoma. Tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliua karibu watu 9,000, wengi wao nchini Nepal. Wakazi wa milima ya kunjamano kama hiyo hawana haja ya kungojea lava; wanachohitaji ni nyumba zinazostahimili mtikisiko, na tahadhari ya maporomoko ya ardhi.

Makundi haya hata hivyo hayana kuta kati yake. Katika Andes, sakafu ya bahari inazama chini ya Amerika Kusini, na tukio hilo moja hukunja matabaka na pia kuzalisha volkano. Ojos del Salado, mita 6,893, ni volkano. Aconcagua, mita 6,961, ina miamba mingi ya volkano za kale, lakini yenyewe si volkano: miamba hiyo ilipozwa kwanza, kisha mgandamizo ukaipandisha.