Kp imeshuka, mbona 137 kHz bado imelala?

Kila dhoruba ya sumaku ikipita, wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha, huniuliza swali lilelile: Kp, kipimo cha dhoruba hizo, imerudi 2 tangu juzi, mbona bendi ya mita 2200 (137 kHz) bado haisikiki? Huwa nawajibu kwamba kwetu sisi wa masafa ya chini, dhoruba ina awamu mbili, na inayotuumiza zaidi ni ile ya pili.

Kp hupima jinsi uga wa sumaku wa dunia ulivyotikisika katika kila saa 3, kuanzia 0 hadi 9. Jua likifyatua wingu la plazma kuelekea kwetu, wingu hilo hufika baada ya siku 1 hadi 3 na Kp hupanda. Wenzetu wa masafa ya juu huathirika papo hapo, kisha hali yao hutengemaa. Kwetu kuna mhusika mwingine: elektroni zenye nishati kubwa zilizonaswa katika mikanda ya mionzi ya Van Allen, inayoizunguka dunia. Mara nyingi mikanda hiyo hujaa upya dhoruba inapoanza kutulia. Kisha huvuja. Kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, elektroni hudondoka hadi kwenye tabaka D la ayonosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme), kilomita 70 hadi 90 juu ya ardhi. Uvujaji huo unaweza kuendelea siku kadhaa baada ya Kp kutulia.

Kwa nini jambo hilo lituguse sisi? Mchana, mwanga wa Jua hulijaza tabaka D elektroni, nazo hugongana na molekuli za hewa na kugeuza nishati ya wimbi kuwa joto. Usiku tabaka hilo hukaribia kutoweka. Wimbi la 137 kHz hupanda hadi karibu kilomita 90, hukuta ukingo mkali wa elektroni, na kurudi chini likiwa na nguvu. Ni kama mpira unaodunda kwenye sakafu ya saruji. Elektroni za mikandani zikishamwagika, chini ya sakafu ile hutanda utando laini wenye migongano mingi, na mpira unaangukia tope. Kwenye 1.8 MHz, yaani bendi ya mita 160, mambo ni tofauti kidogo: wimbi hupenya tabaka D lote, hugeukia juu zaidi, kisha hulipenya tena likishuka. Linatozwa kwenda na kurudi, katika kila mruko.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, usingoje mwanaridhaa mwenzako arushe. Fuatilia DCF39, kituo cha Burg, Ujerumani, kwenye 138.83 kHz. Kinarusha data za kudhibiti vifaa vya umeme usiku na mchana, na kiko jirani kabisa na bendi yetu. Mimi hukifuatilia kupitia kipokezi cha mtandaoni kilicho zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na kuchora nguvu yake kwa saa 24. Usiku wa kawaida, mchoro hupanda baada ya Jua kuzama, huyumbayumba juu hadi alfajiri, kisha huporomoka. Baada ya dhoruba kubwa, kile kilima cha usiku husawazika. Mstari hutambaa karibu na kiwango cha mchana, kana kwamba huko juu hakujakuchwa. Halafu kilima huanza kuota tena, kila usiku kirefu kidogo kuliko jana yake. Mchoro ule naamini kuliko utabiri wowote.

Njia ya wimbi nayo ina uzito wake. Inayopita karibu na duara la mianga ya ncha (aurora, mianga ya usiku karibu na ncha za dunia) ndiyo huumia kwanza, na dhoruba inapokua duara hilo hupanuka kuelekea ikweta. Kwenye mita 160, wasikilizaji wa kaskazini wakati mwingine humpata mtu kwa kuelekeza antena kusini kabisa mwa njia fupi, kwa sababu wimbi limelikwepa duara hilo.

Basi pamoja na Kp natazama Dst, inayopima kwa nanotesla mkondo wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024, katika dhoruba ya kwanza ya daraja la G5, la juu kabisa, tangu Oktoba 2003, Dst ilizama hadi takriban -400. Kupanda kwake kutoka shimoni ni kwa polepole, nako hunipa picha nzuri zaidi ya subira inayohitajika. Natazama pia vipimo vya elektroni vya GOES, satelaiti za hali ya hewa za Marekani. Vikiwa juu, sitarajii miujiza.

Msidharau dhoruba ndogo pia. Mashimo ya korona, yaani sehemu za angahewa ya Jua zinazotoa upepo wa kasi, hurudi kututazama kila siku 27 hivi, Jua linapozunguka, na katika miaka ya kushuka kwa mzunguko wa Jua yanaweza kuivuruga bendi mara kwa mara kabla haijapona vizuri. Kwa wati 1 ya EIRP (nguvu inayotoka antenani) tunayoruhusiwa, hatuna akiba ya kupoteza. Nyakati hizo nahamia FST4W, mtindo wa kidijitali wa kurusha ujumbe polepole, ya sekunde 1800, nusu saa nzima kwa ujumbe mmoja, na kuacha mtambo ukirusha mpaka kile kilima cha DCF39 kirudi.