Plasma haijazwi gesi jamani

Tena juzi. Mtu kanitumia picha ya TV ya plasma ya inchi 50 anataka kuuziwa, used, bei nzuri kweli, halafu swali lenyewe sasa: fundi nasikia hizi gesi ikiisha inajazwa, kujaza shingapi? Nshachoka kulijibu hili moja moja WhatsApp, naliandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Hakuna kujaza. Hakuna mtungi, hakuna valvu, hakuna pa kuchomeka mpira. Kioo cha plasma ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kiwandani kwa moto, katikati vijumba vidogo sana, kila pikseli ina vitatu, chekundu kijani na bluu, na humo ndani kuna neon na xenon. Umeme ukipiga, gesi inatoa mwanga wa ultravioleti ambao macho hayauoni, mwanga huo unapiga fosfori iliyopakwa kwenye kijumba na fosfori ndo inawaka rangi. Gesi haiungui, haitumiki, ipo pale pale. Kinachochoka ni fosfori, taratibu, kama ilivyokuwa kwenye TV za chogo, na hizo sijawahi kusikia mtu anaulizia gesi.

Nadhani najua uzushi ulikotokea. Ukifungua plasma, nyuma ya kioo upande wa kona utaona kichuchu kidogo cha kioo kimechomoza. Hapo ndo kiwandani walinyonya hewa, wakaingiza gesi, wakayeyusha ncha ikaziba. Sasa kuna mafundi wanamwonyesha mteja kile kichuchu wanamwambia "unaona, hapa ndo panajazwa", na mteja anaamini maana kakiona kwa macho yake. Ukweli ni kwamba ukikigonga kikavunjika hewa inaingia na kioo kimekufa hapo hapo, hakuna fundi duniani wa kukurudishia, we tafuta pa kukitupa.

Na ile "gesi iliyoisha" huwa ni nini? Bodi. Karibu mara zote ni bodi. TV inawaka inazima, au inawaka giza sauti ipo, au nusu ya juu haina picha, hapo unaangalia bodi zinazoendesha kioo, yaani Y-sus, bafa zake na Z-sus, halafu pawa saplai. Kila kioo kina stika yake nyuma imeandikwa volti zake, Vs, Va na wenzake, mfano Vs 195, na kioo cha jirani yake wa modeli ile ile kinaweza kuwa 201. Fundi akifunga bodi ya kuchinja kutoka TV nyingine bila kusoma stika na kuirekebisha kwa multimita, unapata vitone vinachezacheza kwenye sehemu za giza, halafu unaambiwa ndo gesi inaisha hiyo. Mia mbili volti DC jamani, watu wanapima na ndala mguuni, lakini hiyo mada nyingine.

Kuhusu umri, Panasonic walikuwa wanasema saa 100,000 mpaka mwanga ufike nusu. Ukiwasha saa nane kwa siku ni miaka 34. Hesabu nzuri, ila hakuna aliyekaa miaka 34 na TV hizo akapima, zenyewe hazijafika umri huo, ni makadirio ya maabara. Mi siwezi kukuhakikishia namba hiyo na wala siwezi kuangalia plasma used kwa macho nikakwambia imetembea saa ngapi. Baadhi zina kaunta kwenye menyu ya sevisi, ila bodi ikishabadilishwa unasoma saa za bodi, kioo kina saa zake mwenyewe na hazijaandikwa popote.

Haraka haraka, LED. Ile iliyoandikwa LED kwenye boksi ni LCD. Kioo ni kile kile cha LCD, kilichobadilika ni taa za nyuma, zamani mirija siku hizi stripu za LED. Usije kuniambia una "LED sio LCD" tukaanza upya. Na msidhani haifi: LED moja ikikata kwenye stripu zilizoungwa mfululizo zote zinazima, sauti ipo picha hamna. Chukua tochi ya simu, zima taa za chumbani, mulika karibu na kioo kwa pembeni, ukiona watu wanatembea humo kwa mbali basi kioo kizima, taa ndo zimekufa. Inatengenezeka. Mwambie fundi apunguze na karenti, yaani mkondo wa umeme wa taa, utapoteza mwanga kidogo ila zitadumu.

Haya, ipi sasa. Picha tupu, chumba cha giza, mpira usiku, plasma nzuri inaipiga LCD ya bei ya kawaida mpaka leo, nyeusi ni nyeusi, mpira ukienda kasi hauachi mkia, na ukikaa pembeni rangi hazipauki. Ile 600Hz waliyokuwa wanaiandika msiinunue lakini, ni picha 50 kwa sekunde kila moja imegawanywa vipande 12, ndo plasma inavyopata mwanga mdogo na mkubwa, sio kwamba unaona picha 600.

Ila mchana sebule yenye madirisha makubwa plasma inakuonyesha wewe na pazia lako. Na Luku. Inchi 50 ya plasma inaweza kula wati 300, LCD ya LED ya ukubwa huo kama 100. Saa sita kwa siku hiyo ni yuniti 54 kwa mwezi dhidi ya 18, na we uliyeko kwenye tarifu ya Tanesco ya yuniti 75 kwa mwezi umebakiwa na 21 za friji, pasi na taa. Nafuu ya bei uliyonunulia inaishia Tanesco polepole. Wa Eldoret na sehemu za juu kama huko, plasma inavuma, hewa ya nje nyepesi kioo kinatetemeka, sio ugonjwa na haiponi.

Halafu hazitengenezwi tena. Panasonic walifunga mwisho wa 2013, Samsung na LG mwaka uliofuata. Spea zote ni za kuchinja. Kwa hiyo wengi wenu chukueni LCD, mkikaa wengi sebuleni pembeni pembeni tafuta yenye kioo cha aina ya IPS, ukikaa katikati usiku kioo cha aina ya VA ni kizuri zaidi. Plasma kwa anayependa sinema, umeme haumsumbui, na haachi chaneli ya habari asubuhi mpaka jioni maana nembo itabaki imechoreka.

Kama bado unaitaka, nenda na flashi yenye picha ya kijivu tupu, weka skrini nzima, simama mbali uangalie kona za juu: nembo ya chaneli ya mwenye nayo utaisoma kama ipo. Iache iwake angalau nusu saa ndo utoe hela. Kwenye Kirikuu isafiri imesimama, usiilaze, hicho kioo ni kizito kinajipasua chenyewe.