Mgandamizo mkubwa kwenye baridi kali

Ni mbinu ya fizikia ya kuibana sampuli hadi atomi zake zisogeleane kupita kawaida, huku ikipozwa kukaribia kikomo cha baridi, nyuzi 273.15 za Selsiasi chini ya sifuri. Kubana kunapunguza nafasi kati ya atomi, elektroni zikalazimika kujipanga upya, na sampuli ikapata tabia mpya. Baridi nayo inatuliza mtikisiko wa atomi, ambao kwa kawaida huficha tabia hizo mpya.

Chukua chuma, hiki hiki cha misumari. Kinashika sumaku, na usumaku wa aina hiyo hauelewani na hali ya kupitisha umeme bila ukinzani. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walikibana kwa zaidi ya mara 150,000 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Atomi zikabadili mpangilio, usumaku ukapotea, na kilipopozwa hadi kama nyuzi 2 tu juu ya kikomo kile, kikaanza kupitisha umeme bila ukinzani. Chuma!

Kifaa chenyewe cha kubania hakina ukubwa wa kutisha, kinaenea kiganjani. Almasi mbili zilizochongwa ncha bapa hutazamana, katikati pana kibati chenye tundu lisilozidi sana unene wa unywele. Humo huwekwa sampuli pamoja na punje ya yakuti nyekundu, kisha skrubu hukazwa, mara nyingi kwa mkono. Kwa kuwa ncha ni ndogo mno, nguvu kidogo tu huleta mgandamizo wa ajabu. Almasi hupitisha mwanga, kwa hiyo yakuti humulikwa kwa leza, na rangi ya mng'ao wake husogea kadiri inavyobanwa. Msogeo huo ndio kipimo. Kazi ni kwenye kupoza: vyuma vya kifaa husinyaa, mgandamizo hubadilika, na mng'ao wa yakuti nao husogezwa na baridi. Lazima upime upya kukiwa baridi, na usahihishe hesabu.

Mwaka 2015 watafiti wa Mainz, Ujerumani, waliibana hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, kwa takribani mara milioni 1.5 ya mgandamizo wa hewa. Ukinzani uliisha kwenye nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, baridi ambayo Antaktika huipita. Ila hali hiyo hudumu ndani ya almasi tu, kwa hiyo bado hakuna waya wa kutengenezwa kwayo.