Acheni kuniuliza wazamiaji wako wapi

Ndege ikianguka majini popote duniani, swali ninaloletewa ni lilelile: wazamiaji wako wapi? Safari hii limetoka kwa mkubwa mmoja kwenye kikao cha mpango wa dharura wa uwanja wa ndege. Alitaka fungu lote la uokoaji majini liende kwenye mitungi ya hewa na suti za kuzamia. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika.

Mzamiaji tunamhitaji, lakini zamu yake huja baadaye. Lazima avae, akague mtungi, apate boti ya kumfikisha na mtu wa kumshikia kamba, ndipo aingie kwenye kabini yenye giza iliyojaa viti vilivyong'oka. Aliyenaswa chini ya maji bila hewa ana dakika chache tu. Ndiyo maana kazi ya mzamiaji mara nyingi huishia kuwa ya kutoa miili. Walio hai huokolewa juu ya maji, na yeyote aliye karibu mwenye kitu kinachoelea.

Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja ikiwa na watu 43. Walinusurika 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. New York, Januari 2009, Airbus iliyotua kwenye mto Hudson ilikuwa na watu 155, wote wakapona. Feri ya kwanza ilifika ndani ya dakika kama nne, na manahodha wake walikuwa kwenye ruti zao za kila siku za kubeba abiria.

Sasa watu husoma habari hizo wakasema, "Mungu aliwaleta wavuvi." Mimi namshukuru Mungu, ila mpango wa dharura hauwezi kuishia hapo. Wavuvi walikuwepo kwa sababu pale ndipo wanapofanyia kazi. Hilo tunalijua kabla ya ajali, na tukilijua tunapaswa kulipanga.

Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka gari la zimamoto lilenge kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Kwa uwanja ulio jirani na maji, ambao sehemu kubwa ya safari zake hupita juu ya maji hayo, kinataka huduma maalumu za uokoaji ziwe tayari na ziratibiwe. Sharti hilo la pili halina dakika zake. Basi "kuratibu" kumegeuzwa kuwa barua yenye muhuri ndani ya faili.

Kuratibu ni kujua mwalo wa karibu, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, uko wapi na mwenyekiti wake ni nani, na namba yake ibandikwe mnarani, mbele ya macho ya muongoza ndege. Ni kujua mashine ngapi za boti zinawaka asubuhi hii, siyo ngapi zimesajiliwa. Ni kujua nani ana ufunguo wa geti la uzio linalotazama maji. Gari la zimamoto la mamilioni husimama ufukweni kwa sababu ya kufuli moja.

Tena kuna mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, kwa hiyo usiku wa giza ziwa linameta vyombo, na mbalamwezi ikishamiri wengi wako nyumbani wamelala. Uwanja unaopokea ndege usiku na kuwategemea wavuvi hauna nguvu ileile ya uokoaji mwezi mzima. Sijawahi kuona kalenda ya mwezi kwenye mpango wa dharura wa uwanja wowote, nami naipigania iwekwe.

Vifaa? Anza na vinavyoelea. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, linatosha mtu mzima kushikilia kichwa kikae juu ya maji. Funga madumu kumi kwenye kamba ndefu moja, rusha, watu wote washike. Ukiwaacha wapande mtumbwi upande mmoja, unapinduka na idadi ya wahanga inaongezeka. Aliyelowa mafuta ya ndege usimvute mkono, utateleza. Shika mkanda au nguo mabegani. Mashine izimwe kabla hujafikia watu, panga la injini halichagui. Mambo haya hufundishika kwa asubuhi moja pale mwaloni.

Jaketi la kuelea usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege. Comoro, Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopia iliangukia bahari mbele ya hoteli, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo waliojaza majaketi mapema; maji yalipoingia yakawabana darini. Sirudii.

Halafu kuhesabu. Chuuk, huko Mikronesia, visiwa vya Pasifiki, mwaka 2018, ndege ya Air Niugini ilitua majini ikiwa na watu 47. Wenyeji walikuja na boti, wanamaji wa Marekani waliokuwa jirani wakasaidia. Shirika likatangaza wote wametoka. Abiria mmoja hakuwemo. Mwili wake ulipatikana na wazamiaji siku tatu baadaye. Boti kumi zikitua sehemu kumi za ufuo, nani anaandika majina? Weka mtu mmoja ufukweni na daftari, kazi yake iwe hiyo tu.

Hata hivyo kuna linaloninyima usingizi. Ninapomwingiza mvuvi kwenye mpango, namtuma kwenye maji yenye mafuta, karibu na bati lililochanika, bila bima. Mara ya kwanza alikwenda kwa huruma yake. Mara ya pili atakwenda kwa sababu mnara umempigia. Akikatwa mkono, nani anamtibu, nani analisha watoto wake? Petroli aliyochoma anarudishiwa na nani? Nimeuliza kwenye vikao, naambiwa litajadiliwa. Wapo wenzangu wanaosema tununue boti yetu tumalize, na pengine uwanja wenye ndege nyingi ufanye hivyo. Uwanja wa ndege mbili kwa siku utanunua boti, utaifunika turubai, na siku ya ajali betri itakuwa imekufa. Kati ya hayo mawili bado naegemea kwa mvuvi, lakini sitaki kumsainisha kitu chochote kabla swali la bima halijajibiwa kwa maandishi.