Maana ya kaburi la vita, na jinsi ya kulisoma jiwe la askari wa anga

Kaburi la vita, kwa utaratibu wa Jumuiya ya Madola, ni kaburi la mtu aliyefariki akiwa jeshini ndani ya kipindi maalumu, nalo hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa mwaka 1917. Kwa Vita Kuu ya Pili, kipindi hicho ni 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Si lazima awe ameuawa na adui. Ajali ya mazoezini au maradhi kambini vinahesabika vilevile.

Maiti wa waliofia ng'ambo hawakurudishwa kwao. Walizikwa huko walikofia, wawe majenerali au makuruta, chini ya jiwe la kipimo kimoja: urefu sm 81, upana sm 38. Huku Afrika Mashariki usawa huo ulivunjwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi wengi Waafrika hawakuandikwa majina, wakawekewa sanamu za jumla kama ile ya Askari ya Dar es Salaam ya 1927. Tume yenyewe ilikiri hilo mwaka 2021.

Mfano mzuri wa jiwe ni la rubani John Gillespie Magee, lililopo kijiji cha Scopwick, Lincolnshire, Uingereza. Alizaliwa Shanghai, baba Mmarekani, mama Mwingereza, akafa 11 Desemba 1941 akiwa na miaka 19, ndege yake ya kivita aina ya Spitfire ilipogongana angani na ndege ya mafunzo. Juu ya jiwe kuna jani la mti wa mepo (maple), nembo ya Kanada. Nembo hufuata jeshi alilotumikia marehemu, hata kama uraia wake ni wa kwingine, naye alijiunga na Jeshi la Anga la Kanada wakati Marekani bado haijaingia vitani.

Chini ya nembo soma namba ya jeshi, cheo, jina, mara nyingi na kazi yake ndegeni, kisha jeshi, tarehe na umri. Maneno ya chini kabisa yalichaguliwa na familia, na wengine hawakuandika kitu.

Wasomaji huteleza kwenye cheo. “Pilot Officer” ni cheo tu. Mwenye nacho anaweza kuwa mpiga bunduki ambaye hajawahi kushika usukani. Tarehe nayo husumbua: ndege ikipaa saa nne usiku wa tarehe 30 na kuangushwa saa nane, jiwe huweza kusema 31 huku daftari la kikosi likisema 30. Na kwa kuwa majina ya kwanza hufupishwa kuwa herufi, namba ya jeshi ndiyo ya kutegemea. Ukiona mawe yamebanana bila nafasi, kwa kawaida ni wafanyakazi wa ndege moja ambao mabaki yao hayakuweza kutenganishwa. Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, ilibeba watu saba.

Asiye na kaburi huandikwa ukutani. Walioruka kutoka Uingereza na kaskazini-magharibi mwa Ulaya wako Runnymede, karibu na London, kwenye mnara uliofunguliwa 1953 wenye majina zaidi ya 20,000. Jua kwanza mwaka wa kifo, maana majina yamepangwa kwa mwaka. Wa Mediterania wengi wako Malta, wa Mashariki ya Mbali Singapore. Mabaki yakipatikana na kutambuliwa, huzikwa kwa heshima za kijeshi chini ya jiwe lenye jina, na bamba la ukutani likija kubadilishwa, jina lile huondolewa.