Nyumba ndogo ya kuongezea vyumba Mwanza: yanayosemwa na yalivyo

Nunua nyumba ndogo, chumba utaongeza baadaye. Ushauri huu utausikia kwa madalali wa Buhongwa, Igoma hadi Buswelu, na si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba hiyo "baadaye" huwa haina bajeti siku ya kulipia nyumba. Anayenunua vyumba viwili huku familia yake ikihitaji vinne ana manunuzi mawili mbele yake, na bei aliyotajiwa ni ya moja.

"Chumba ni tofali mia tatu tu"

Hesabu ya tofali ni sahihi. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikiegemea ukuta uliopo kwa upande wa mita 4 kinahitaji ukuta mpya wa mita 10. Upandishe mita 3, ondoa mlango na dirisha: tofali za inchi 18 kwa 9 hazifiki 300. Kosa liko kwenye hiyo "tu". Msingi, jamvi (zege la sakafu), lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) yenye nondo, mbao, bati, plasta, dari na umeme bado havijaguswa.

Halafu nyongeza ina gharama zake ambazo nyumba mpya haina. Ukuta wa zamani utatobolewa kupitisha mlango, na upande mmoja wa paa utafumuliwa ili bati mpya zilale chini ya zile za zamani maji yasiingie. Nyumba ikiwa imepauliwa chini, ukiendeleza mteremko uleule wa bati dari ya chumba kipya inashuka mpaka mtu mrefu anainama. Hapo unapaua upya. Wanunuzi hukagua vigae na rangi. Mimi ningeanza na paa.

"Mwanza jiwe ni msingi wa bure"

Hii naiona mbaya kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwamba wa hapa ni imara. Lakini chumba kikikaa nusu kwenye mwamba na nusu kwenye kifusi, upande wa kifusi unashuka, wa mwamba hausogei, na ufa unatokea katikati. Jiwe likiwa limesimama pale unapotaka chumba, lipasuliwe: kwa moto mpaka lichanike, au kwa kabari na nyundo. Moto haufai kukokwa pembeni mwa ukuta wa nyumba uliyokwisha kuinunua, kwa hiyo inabaki nyundo, na nyundo ni siku nyingi za vibarua. Faraja ni kwamba vipande vyake hujenga msingi na ukuta wa kuzuia udongo.

Choo nacho kihesabiwe hapohapo. Shimo lililochimbwa juu ya mwamba halinywi maji, hivyo linajaa upesi. Uliza kama bomba la majitaka la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, linapita jirani, na kama mteremko unaruhusu kuunganisha.

Tena kuna kubeba. Kwenye milima ya Mabatini au Igogo kuna nyumba ambazo lori haliwezi kuzifikia. Tripu ya mchanga inamwagwa barabarani, na kila ndoo inayopanda mlima inalipiwa. Bei ya saruji dukani ni jambo moja, bei yake ikishafika mlangoni ni jingine.

"Kiwanja ni kikubwa, nafasi ipo"

Toa kwanza nafasi ya mpaka wa jirani, shimo la choo na njia ya maji ya mvua. Kando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na ukingo wenyewe husogea: mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda sana.

"Nyongeza haihitaji kibali"

Inahitaji, kutoka Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea ulipo. Mwombe muuzaji ramani na kibali cha nyumba iliyopo.

"Chini kukijaa tutapandisha ghorofa"

Zege la sentimita 15 juu ya chumba hicho cha mita 3 kwa 4 lina uzito wa zaidi ya tani 4, kabla ya kuta na watu. Msingi uliojengwa kubeba bati haukuandaliwa kwa mzigo huo. Utahitaji nguzo mpya kutoka ardhini, na mhandisi wa kuzipigia hesabu.

"Tutajenga kidogo kidogo"

Hapa sikubaliani na wanaokataza. Wengi wetu ndivyo tunavyojenga. La muhimu ni mahali pa kusimama. Simama baada ya jamvi, au baada ya kupaua, si kuta zikiwa wazi mvua za Novemba au Machi zikizipiga. Nondo zikiwekwa pakavu zinasubiri. Saruji haisubiri: ikikaa stoo miezi 3 inapungua nguvu, hivyo nunua ya hatua iliyo mbele yako. Na mpeleke fundi kwenye nyumba kabla ya kulipa, akuandikie gharama hatua kwa hatua, kisha urudi kwa muuzaji kujadili bei ukiwa na karatasi hiyo mkononi.